Kuanzisha biashara ya chupa zilizotumika: kwa wadada wanaotaka kufanya kikundi

Wengi wakiwaza biashara ya kioo wanawaza tanuri kwanza, wanapiga hesabu ya mashine wanakata tamaa kabla hata hawajaosha chupa moja. Anzeni bila tanuri. Chupa ikikatwa vizuri na mdomo ukalainishwa tayari ni glasi, au kopo la mshumaa, au chombo cha maua, chagueni kimoja tu kati ya hivyo na saizi moja mpaka mikono izoee.

Kukata sio nguvu. Unachora mstari kuzunguka chupa kwa kile kisu cha vioo chenye gurudumu dogo, mara moja tu, ukirudia juu ya mstari unatengeneza meno. Alafu mimina maji ya moto kwenye mstari huku unazungusha, kisha ya baridi, tena ya moto, mpaka usikie mlio mdogo na chupa iachie yenyewe. Ile ya kufunga uzi wenye mafuta na kuuwasha inapendeza kwenye video ila ukipata oda ya glasi 40 zinazofanana achana na uzi kabisa.

Sasa ukingo, na hapa ndo pa kukaa muda mrefu maana mteja akishika glasi anapitisha kidole ukingoni hata kabla hajauliza bei. Tumia msasa wa maji, anza namba 80 au 120, nenda 220, 400, malizia 600, kila namba inafuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia kwahiyo ukiruka moja itaonekana tu. Usisugue juu peke yake, vunja makali ya ndani na ya nje pia. Na muda wote kioo kiwe kimelowa, vumbi lake likivutwa linaharibu mapafu, vaeni barakoa ya vumbi (ya kitambaa haisaidii) na miwani, meza ifutwe kwa kitambaa kibichi, msifagie unga mkavu, na watoto wakae mbali.

Kuna kioo cha kukataa hata ukipewa bure. Vioo vya milango ya gari ukijaribu kukata vinasambaratika vyote kuwa punje, na vile vyombo vya jikoni vya kuvumilia moto havichanganyiki na chupa wakati wa kuyeyusha.

Tanuri lije baadaye, mauzo yakiwepo. Kioo cha chupa kinaanza kulainika vizuri kwenye nyuzi 700 na kitu, ila kazi ngumu ni kukipoza: kinashikiliwa karibu na nyuzi 540 kwa muda, kisha kinashuka polepole mpaka kipoe chenyewe, mtu asifungue mlango kuchungulia. Pia usiyeyushe pamoja chupa za aina tofauti, kila moja inatanuka na kusinyaa kwa kiwango chake, zitashikana vizuri zikiwa moto alafu zikipoa zinapasuka, nyingine zinapasuka siku kadhaa baadaye zikiwa tayari zimeshafika kwa mteja. Vipande vya chupa moja havina shida hiyo.

Kwa wa mishumaa, washeni mmoja kwenye kila aina ya chupa uishe wote mkiwa mnauangalia ndo muuze.

Bei jamani. Chupa ya bure sio ya bure, kuna kuisafirisha, kuiloweka itoe lebo, kuiosha, na saa nzima ya msasa. Mkikata 10 zikavunjika 3, zile 7 ndo zinabeba gharama ya zote. Msipoandika muda wa kila mtu mtajikuta mnauza jasho bure na kusifiwa tu kwamba mnatunza mazingira.

Na kwenye kikundi urafiki unafanya watu waone aibu kuongea hela. Ongeeni siku ya kwanza na muandike: mnalipana kwa kipande au kwa saa, anayetoka anaondoka na nini, vifaa ni vya nani, na pesa isitolewe bila sahihi za watu wawili.

Kabla ya kutuma oda ya kwanza fungasheni glasi moja kwenye boksi, iangusheni toka usawa wa kiuno. Ikivunjika ongezeni karatasi mjaribu tena.