Pumzi ikikukimbia siku za mwanzo za mazoezi: maneno ya bonge mmoja wa Magomeni

Mimi ni fundi cherehani, Magomeni, mwaka wa 19 huu niko kwenye kiti kilekile. Siku naanza mazoezi nilikuwa na kilo 112, na kwa urefu sijafika popote: futi tano na inchi tatu. Nataja mapema usije ukadhani unaongea na mtu aliyekuwa anatafuta kupunguza kilo nne za uzazi.

Kioo nilikuwa nimeshakizoea. Kilichoniamsha ni ngazi. Bitana na zipu nanunua Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kwenye jengo ambalo lifti yake inafanya kazi siku ikijisikia, na duka lenyewe liko ghorofa ya nne. Kila ghorofa nilikuwa nasimama nikijifanya nasoma meseji. Siku moja nimefika juu, muuzaji akaniuliza, "Mama, leo nikupatie nini?" Nikamwinulia kidole, asubiri kwanza, maana sauti haikuwepo. Akanisogezea kiti, hakusema neno. Kiti kile kiliniuma kuliko tusi.

Jumamosi iliyofuata nikajiunga na klabu ya jogingi ya mtaani. Fulana za sare, ngoma, filimbi, mchakamchaka kama wa shule ya msingi. Kona ya pili nilikuwa nimeegemea ukuta wa nyumba ya watu, kifua kinawaka, macho yanaona nyota, na kijana mmoja ananipigia makofi: "Twende mama, usikate tamaa!" Nilirudi nyumbani na bajaji. Raba zikakaa chini ya kitanda miezi minne.

Sasa hivi najua kosa lilikuwa wapi. Nilianzia pale ambapo wale wenzangu walifika baada ya mwaka mzima.

Kinachotuhemesha

Mpe mtu mwembamba ndoo mbili za maji za lita 20, mwambie apande nazo ghorofa nne. Atahema. Sisi kilo 40 hizo hatuna pa kuzitua, tunalala nazo na kuamka nazo. Misuli inadai oksijeni nyingi kwa hatua ileile, inatoa hewa ya ukaa nyingi, na hiyo hewa ya ukaa ikizidi kwenye damu ndiyo inayoufanya ubongo upige kengele: hema, hema!

Halafu kuna suala la nafasi. Chini ya mapafu upo msuli mpana, unaitwa kiwambo. Ukivuta pumzi, unashuka ili mapafu yatanuke. Tumbo likijaa, kiwambo kinashuka kwa taabu, kwa hiyo tunavuta pumzi fupifupi za juu juu. Jipime: inama ufunge kamba za viatu. Ukihema kabla hujamaliza fundo, ndiyo hiyo.

Hapa nina neno na wanawake wenzangu kuhusu mikanda ya kubana tumbo, na naongea kama mtu anayeishi kwa futi ya kupimia. Nimewaona asubuhi wamejifunga mkanda hadi mbavu zimeingiana, juu wamevaa koti la plastiki la kutoa jasho, wanakimbia. Tumbo tayari linakibana kiwambo kwa ndani, wewe unakiongezea kamba kwa nje! Na jasho lile ni maji tu, ukinywa glasi mbili yamerudi. Vua. Sidiria nayo iangalie: vidole viwili vipite chini ya mkanda wake bila kusukuma. Mimi nilibadilisha sidiria kabla ya kubadilisha chochote kingine, na tofauti niliisikia siku hiyohiyo.

Toa kwanza, kuvuta kutakuja kwenyewe

Pumzi ikikata, kila mtu anahangaika kuvuta. Anavuta, anavuta tena, kifua kinajaa hewa iliyotumika na mpya haina pa kuingia. Geuza kazi: hangaika kutoa. Bana midomo kama unapoza chai ya rangi kwenye kikombe, upulize taratibu mpaka hesabu ya nne, kisha funga mdomo uvute kwa pua hesabu ya mbili. Usilazimishe. Ukishindwa nne, anza na tatu.

Usijitupe chini wala usigande ghafla kama gari lililozimika. Kama miguu inakubali, endelea kutembea polepole. Ikigoma, weka viganja juu ya magoti au egemea ukuta kwa mikono miwili, mabega yalegee, tumbo lining'inie. Usione aibu ya tumbo kuning'inia, ndivyo kiwambo kinavyopata nafasi.

Mazoezi ya pumzi yenyewe nilifanyia kwenye kiti cha cherehani, nikisubiri pasi ipate moto. Kiganja juu ya kitovu, mara kumi, nahakikisha kiganja kinasogea na si mabega yanayopanda. Wateja wakadhani naumwa tumbo.

Nguzo za umeme

Sina saa ya kisasa ya kuhesabu mapigo ya moyo. Nina mtaa wenye nguzo za umeme, na zilinitosha.

Wiki ya kwanza ni kutembea tu, dakika kumi, siku nne, mwendo wa mtu anayekwenda kununua vitunguu. Dakika tano za mwanzo zinadanganya: moyo na mapafu bado vinaamka wakati miguu imeshaanza kudai, na ndipo wengi wanaporudi nyumbani wakiamini wameshindwa. Zipite polepole, mwili utakaa sawa.

Wiki ya pili unaanza kuchanganya. Kutoka nguzo moja hadi inayofuata, tembea kwa haraka kama daladala inataka kukuacha. Nguzo mbili zinazofuata, polepole. Halafu tena. Nilianza na mizunguko minne nikaishia hapo, hata siku niliyojiona naweza sita. Hasa siku hiyo. Kiburi cha siku moja kinakulaza siku tatu.

Utajuaje mwendo unakufaa? Ongea. Mimi najitajia vipimo vya mteja: "kifua 42, kiuno 38, nyonga 46, urefu wa gauni 54." Nikivitaja vyote kwa pumzi moja na bado naweza kuimba, basi natembea sokoni, niongeze. Nikikata katikati mara moja, hapo ndipo penyewe. Nikibaki na "kifua..." halafu kimya, nimezidisha, napunguza bila kusubiri nguzo. Wewe taja chochote, hata majina ya watoto wako na wa jirani.

Nyuma ya daftari la oda nilikuwa naandika kitu kimoja tu: baada ya mwendo wa haraka, ni nguzo ngapi zinapita mpaka niongee kawaida. Wiki ya pili zilikuwa tatu. Wiki ya nane ilikuwa moja, wakati mizani imeshuka kilo mbili tu. Kwa hiyo usiiulize mizani habari za pumzi, inachelewa kupata taarifa.

Muda mzuri kwangu ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, na jirani yangu mama Zuhura, kwa sababu giza ni giza na sitaki kutembea peke yangu. Dar mwezi wa pili, ukitoka saa mbili asubuhi jasho halikauki, na moyo unabeba kazi mbili, ya miguu na ya kupoza mwili. Barabara kubwa zenye malori nazikwepa. Supu na chapati ni baada ya kurudi.

Lengo linalotajwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani. Nilifika huko mwezi wa tano. Hakuna aliyekuja kunikagua kwa kuchelewa.

Si kila kuhema ni kilo

Hapa nakuomba usome taratibu.

Kuna wakati nguzo ziligoma. Nilifika moja, kisha zikarudi mbili, zikarudi tatu. Moyo unadunda hata nikiwa nakata kitambaa, nimekaa. Kucha zinavunjika. Na nilikuwa natafuna udongo wa Pemba kama karanga, pakiti mbili kwa siku. Nikaenda zahanati moja. Aliyenipokea aliniangalia kuanzia juu mpaka chini, hakunigusa hata mkono. "Mama, punguza mwili." Nikamwambia ndicho ninachofanya, ndiyo maana nimekuja. Akaita mtu mwingine.

Kwa wiki tatu niliamini kosa ni langu. Mama Zuhura ndiye aliyenisukuma niende kwingine, na huko wakapima wingi wa damu: 8.9. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa asipungue 12. Damu ndiyo inayobeba oksijeni, sasa hata uvute pumzi namna gani, wabebaji ni wachache. Nilikuwa na uvimbe kwenye kizazi, hedhi yangu siku nane nzito, nami nilishazoea kuona ni kawaida. Nikapewa vidonge vya madini ya chuma na onyo nisivinywe na chai, kwa kuwa chai inazuia chuma kufyonzwa. Uvimbe ukashughulikiwa kwa njia yake. Baada ya miezi mitatu damu ikawa 12.1, na hamu ya udongo ilikwisha kabla hata ya hapo.

Kwa hiyo kabla hujaanza, nenda ukapime presha, sukari na wingi wa damu. Ukiambiwa "punguza mwili" bila kupimwa, omba kipimo kwa jina lake.

Na kuna kuhema ambako hakungoji kesho. Kifua kubana au kuuma, maumivu yakienda mkono au taya, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, midomo kubadilika rangi, pumzi kukata umekaa tu: acha papo hapo, uende hospitali. Ukishindwa kulala chali bila mito mitatu, ukishtuka usiku unatafuta hewa, au miguu ikivimba, huo unaweza kuwa moyo, kamwone daktari. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi nayo ikakata ghafla, hiyo ni dharura. Kifua kikipiga miluzi wakati wa mazoezi au ukishamaliza, inaweza kuwa pumu, nayo ina dawa ya kuvuta na watu wanakimbia nayo vizuri tu.

Ngazi

Ngazi nimeziweka mwisho kwa sababu nami nilizifikia mwisho. Toa pumzi unapopandisha mwili, vuta pumzi mguu wa pili unapofika. Shika reli, haipunguzi heshima. Na pumzika kabla pumzi haijaisha. Nikijua nakatika ghorofa ya pili, nasimama ya kwanza, napuliza chai yangu mara tano, naendelea.

Sasa nina kilo 101. Kariakoo nasimama mara moja, ghorofa ya tatu, na simu inabaki kwenye pochi. Muuza bitana bado ananisogezea kile kiti. Nakikalia, maana tukianza kupatana bei mita ishirini, hatumalizi leo.