Namna ya kusoma homoni za samaki kwa macho: siku saba na tangi la tilapia

Nafuga tilapia Kisauni, Mombasa, kwenye matangi ya saruji nyuma ya nyumba, na barazani nina tangi moja la kioo lisilo la biashara. Hilo ni la kutazama tu. Limenifunza mengi kuliko magunia yote ya chakula niliyonunua, na ndilo ninalotaka ulitengeneze kwako.

Wanaoanza kufuga hunijia na lalamiko moja. Vifaranga waliingia wakilingana, wamekula chakula kimoja, maji ni yale yale, lakini miezi mitatu baadaye mmoja amejaa kiganja na mwenzake hajapita kidole. Wanashuku mbegu, wanashuku chakula. Mimi huwauliza: umewahi kuketi ukawatazama? Samaki wana wakubwa na wadogo, wenye himaya na wasio na pa kukaa. Cheo hicho huingia hadi ubongoni kikabadili homoni, na homoni zikabadili rangi, hamu ya kula, hata uzazi. Huhitaji maabara kuona hayo. Unahitaji wiki moja, daftari na subira.

Hatua ya 1: Tangi na maji

Tafuta tangi la kioo la lita 200 hivi, yaani madumu kumi ya mkokoteni. Maji ya mfereji yana klorini, kwa hiyo yaache kwenye pipa lililo wazi mchana na usiku wake mzima, pampu ya hewa ikiwa ndani. Ya kisima yenye munyu kidogo hayana neno, tilapia huyavumilia, mradi usiyabadili ghafla. Joto la Mombasa linatosha bila hita. Usichoweza kukikosa ni pampu ya akiba ya betri. Stima ikipotea usiku, samaki waliokosa hewa wataamka homoni zao za dhiki zikiwa juu kwa sababu isiyohusiana na unachochunguza, na siku hiyo yote itakuwa imepotea.

Tandaza mchanga kimo cha sentimita tano. Mawe na vyungu usiweke bado. Pande tatu za kioo zifunike kwa karatasi kwa nje, maana dume la tilapia akiona kivuli chake kwenye kioo hupigana nacho.

Hatua ya 2: Samaki watano

Chukua madume wanne na jike mmoja, wanaokaribiana ukubwa kadiri uwezavyo. Ukichanganya mkubwa na mdogo, cheo kitaamuliwa na mwili kabla ubongo haujasema lolote. Kuwatambua, mgeuze samaki tumbo juu kwenye kitambaa kibichi. Dume ana matundu mawili karibu na mkia, jike ana matatu. Macho yakikushinda, paka tone dogo la rangi ya chakula hapo na matundu yatajitokeza.

Andika alama ya kila mmoja: pezi lenye mpasuko, gamba lililokosekana, doa shavuni. Wape herufi. Majina huja yenyewe baadaye, ila siku ya kwanza jina la kishujaa litakufanya umwone shujaa hata pale ambapo hayupo.

Hatua ya 3: Saa ya kwanza

Watie wote kwa pamoja, wakati mmoja. Anayetangulia kuingia hujiona mwenyeji, na mwenyeji ana nusu ya ushindi mkononi. Kisha keti usicheze. Samaki mmoja akishtuka, wote wanaganda. Mwaka 2023 watafiti wa Ureno walionyesha kwamba zebrafish, samaki mdogo mwenye mistari anayetumika sana maabara, asiye na mfumo kamili wa oksitosini ubongoni haambukizwi hofu ya wenzake. Kwa samaki ambaye mfumo huo uko sawa, hofu ya jirani ni hofu yake, na ukigonga kioo unachokiandika daftarini ni ugeni wako.

Utaona mambo haya, na karibu kila mara kwa mpangilio huu. Wawili husimama ubavu kwa ubavu, mapezi yametanuka, kila mmoja akijifanya mkubwa. Hufuata mapigo ya mkia, yanayosukuma maji kwenye ubavu wa mwenzake. Wasipoachana hapo, hukamatana midomo na kusukumana kama wanaogombea mlango. Mwisho mmoja anakunja mapezi na kukimbia, na mwingine anamfukuza. Chora mshale kutoka herufi ya aliyefukuza hadi ya aliyefukuzwa. Dakika kumi asubuhi, dakika kumi jioni, saa zile zile kila siku. Kufikia siku ya pili mishale yako itaonyesha ngazi.

Sasa tuingie kichwani mwao. Upande wa chini wa ubongo, jirani na pale mishipa ya macho mawili inapopishana, kuna kishada cha seli kinachotengeneza homoni mbili ndogo, vasotosini na isotosini. Kila moja ni mnyororo wa asidi amino tisa tu. Binadamu tunazo ndugu zake, vasopresini na oksitosini, na hii ya pili mama wengi wameshachomwa sindano yake wodini baada ya kujifungua, ili damu isivuje. Seli hizo hutuma nyuzi pande mbili. Nyingine hufika kwenye tezi ya pituitari na kumwaga homoni kwenye damu. Nyingine hubaki ndani ya ubongo wenyewe, zikigusa sehemu zinazoamua samaki asogee au akimbie. Samaki wa dhahabu aliyetiwa vasotosini ubongoni huwaepuka wenzake, na aliyetiwa isotosini huwasogelea.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wakishasikia hayo, wanaipa vasotosini jina la homoni ya ugomvi na isotosini ya upendo, wakafunga daftari. Nakusihi usifanye hivyo. Kwa Astatotilapia burtoni, jamaa wa tilapia aliyeko Ziwa Tanganyika, seli kubwa kabisa za vasotosini huchapa kazi zaidi kwa dume mwenye himaya, ilhali seli ndogo za homoni hiyo hiyo huchapa kazi zaidi kwa dume asiye nayo. Isotosini nayo, kwa Neolamprologus pulcher wa ziwa hilo hilo, ambao wadogo huwasaidia wakubwa kulea watoto, humfanya samaki apime vizuri zaidi ukubwa wa adui kabla ya kupigana, na anyenyekee zaidi mbele ya wakubwa wake. Homoni ile ile hufanya kazi nyingine kutegemea seli iliyoitoa, kipokezi kilichoipokea, na nani amesimama mbele ya samaki wakati huo.

Hatua ya 4: Soma jicho

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na haihitaji hata shilingi.

Siku ya kwanza jioni, sogeza uso karibu na kioo na utazame jicho la kila samaki. La mbabe litakuwa jeupe lenye manjano kidogo kuzunguka mboni, limeng'aa kama pete. La aliyepigwa litaanza kuingia weusi kutoka pembeni, kama wino uliomwagika kwenye maji. Mwaka 2003 watafiti wa Brazili waliandika kwamba kwa tilapia wa Nile weusi wa jicho unafuata cheo, wa chini akiwa na jicho jeusi zaidi.

Kupima ni rahisi. Ligawe duara la jicho kwa mawazo vipande vinane, kama unavyokata chungwa, kisha hesabu vipande vyeusi. Sifuri hadi nane. Andika kila jioni. Piga picha kwa simu ukitaka kuhakiki, bila mwanga wa tochi.

Jirani yangu ni mvuvi wa zamani, mtu mzima asiyejali habari za homoni. Jioni moja alipita barazani, akainama, akamnyooshea kidole samaki aliyekuwa kwenye kona, juu kabisa karibu na bomba la hewa.

"Huyo kavunjika moyo, mwanangu."

"Umejuaje, mzee?"

"Tazama jicho. Na hashuki chini. Chini kuna mwenyewe."

Daftari langu lilisema samaki huyo alikuwa na vipande saba kati ya vinane.

Kilichokuwa kikitendeka ndani yake ni hiki. Ubongo unaoshindwa kila siku hutuma ujumbe kwa pituitari, pituitari huwatumia seli zilizo kwenye figo ya mbele, nyuma tu ya kichwa, kwa kuwa samaki hana tezi za adrenali kama zetu, zile zinazokaa juu ya figo. Huko hutoka kortisoli, homoni ya dhiki. Ikipanda kwa saa moja humsaidia samaki: sukari inapatikana haraka, anaweza kukimbia. Ikikaa juu kwa siku nyingi inakula mwili wake. Hamu ya chakula hupungua, kinga hushuka, ukuaji husimama. Serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, nayo huchapa kazi kupita kiasi ubongoni mwa aliyeshindwa, na hiyo humfanya anyamaze, asijaribu hata kurudisha pigo. Ndipo linapotoka jibu la lile lalamiko la mwanzo. Samaki aliyebaki kidole hakukosa chakula tangini.

Hatua ya 5: Lisha mahali pamoja, kisha kila mahali

Siku ya tatu tupa chakula kwenye kona moja na uhesabu nani amekula mara ngapi. Siku ya nne kitawanye juu ya maji yote. Linganisha.

Hatua ya 6: Mtoe mbabe

Siku ya tano, alfajiri, taa zikiwa zimezimwa, mtoe mbabe kwa wavu na umweke kwenye ndoo yenye hewa. Washa taa, anza kuhesabu dakika.

Wa pili kwenye ngazi atasita kidogo. Atazunguka shimo la mchanga alilochimba mkubwa, atasogea, atarudi. Kisha rangi yake itabadilika mbele ya macho yako, na yule ambaye jana alikuwa amekunja mapezi atayatanua na kuanza kuwafukuza wengine. Kwa burtoni, kazi iliyofanywa kwenye maabara ya mtafiti Russell Fernald, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2005 ilionyesha kwamba dume mdogo anapoona nafasi imepatikana, anabadili rangi na tabia ndani ya dakika chache, na muda mfupi tu baadaye jeni ya egr1 inawaka kwenye eneo lile lile la ubongo nililolitaja, jirani na mishipa ya macho, penye seli zinazotoa homoni ya kuamsha uzazi. Siku zinazofuata seli hizo zinanenepa. Akishushwa cheo tena, zinasinyaa.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilikwenda kukaa mbele ya tangi hadi usiku. Nilizoea kufikiri kwamba homoni hutangulia na tabia hufuata. Kumbe nafasi iliyoachwa wazi na mwenzake ndiyo iliyougonga mlango wa ubongo wake.

Ukitaka kuona mambo haya kwa ukubwa zaidi, panda boti ya kioo siku maji yakiwa safi, kaskazi ikiwa imetulia, uende kwenye hifadhi ya bahari kati ya Nyali na Shanzu. Pono wengi unaowaona huko huanza maisha wakiwa majike na wengine hugeuka madume. Yule samaki mdogo mwenye mstari mweusi anayewasafisha wenzake, Labroides dimidiatus, huishi dume mmoja na majike wake. Mtafiti Ross Robertson alieleza mwaka 1972 kwamba dume akiondoka, jike mkubwa huanza kutenda kama dume ndani ya saa chache, na mwili wake humfuata baadaye. Samaki wa anemoni wa pwani yetu hufanya kinyume: jike ndiye mkubwa, na akifa, mumewe hugeuka jike.

Onyo moja, nalo limenigharimu. Mara ya kwanza nilipofanya jaribio hili nilimrudisha mbabe baada ya siku mbili, nikidhani atakaa mahali pake. Mahali pake palikuwa na mwenyewe. Walipigana hadi mmoja akapoteza magamba ya ubavu mzima, akafa wiki iliyofuata kwa vidonda. Usimrudishe. Mweke kwenye tangi jingine, au watoe wote, vuruga mchanga, kisha watie wote upya kwa pamoja.

Hatua ya 7: Maji na maficho

Dume mkubwa wa tilapia hutangaza cheo chake kwa mkojo pia. Kwa tilapia wa Msumbiji imeonekana kwamba dume mwenye cheo huuhifadhi na kuuachia wakati wa ugomvi, na wengine huusoma kwa harufu. Ukimwaga maji mengi kwa mara moja umefuta matangazo yote, na ugomvi unaanza upya. Badilisha robo ya tangi, polepole, kwa mpira mwembamba. Jaribu siku ya sita uone kama mishale itaongezeka, kwa sababu hata robo huwashtua kidogo.

Halafu weka vipande vitatu vya bomba la PVC na chungu kimoja kilichovunjika, vikitenganishwa ili aliyeko nyuma ya kimoja asionekane kutoka kingine. Mbabe hawezi kumfukuza asiyemwona. Kwenye matangi ya saruji mimi hufanya zaidi ya hayo: natenganisha samaki kwa ukubwa kila mwezi, natawanya chakula, wala siogopi kuwaweka wengi kiasi pamoja maadamu hewa inatosha, kwa kuwa penye wengi hakuna anayeweza kulinda kona yake.

Siku ya saba jioni rudi kwenye jicho la yule wa chini kabisa. Wangu alikuwa ndani ya chungu, pua nje. Nilimhesabu mara mbili kuhakikisha: vipande vitatu. Nilipotupa chakula alitoka, akala punje mbili, akarudi ndani.