Namna ya Kuchagua Propela Inayolingana na Mashine ya Boti

Mashine ikiwa nzima lakini chombo kinajikokota, wenye boti wengi hukimbilia kabureta na plagi, ilhali huenda kasoro iko kwenye propela isiyolingana na mzigo.

Anza kwa kusoma namba zilizochongwa kwenye propela iliyopo. Ikiandikwa 13 × 19, ya kwanza ni kipenyo na ya pili ni pichi, yaani umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa magumu mfano wa ubao unaotiwa skurubu. Zote ni kwa inchi. Kwa kawaida pichi ndiyo hubadilishwa.

Kisha tazama katika kitabu cha mashine mizunguko kwa dakika inayotakiwa moto, yaani mkono wa mafuta, ukifunguliwa wote. Tuseme ni 5000 hadi 6000. Pakia boti mzigo wake wa kila siku, iwe abiria au barafu na nyavu, kwa kuwa jaribio la boti tupu halimsaidii mvuvi. Kwenye maji yaliyotulia, fungua moto wote, na mwendo ukishakuwa sawa usome kipimo cha mizunguko.

Ukikuta 4600, mashine imelemewa. Wapo wanaoupenda mngurumo huo mzito wakidhani mafuta yanabanwa. Kumbe moto ukiwa wazi wote na mizunguko ikabaki chini, joto na shinikizo hupanda ndani ya silinda, na pistoni ndizo zinazoumia. Kila inchi ya pichi inayopunguzwa huongeza takriban mizunguko 150 hadi 200, hivyo pichi ya 17 itakufikisha karibu na 5000, ukingoni kabisa, na kwa mbeba mizigo ningechagua 16. Rudia jaribio boti ikiwa nyepesi: ikipita 6000, umepunguza mno.

Kabla ya kununua, hakikisha propela ya zamani haitelezi. Kwenye zile zenye bushi ya mpira, yaani pete inayounganisha kitovu cha ndani na cha nje, chora mstari wa rangi kuanzia kitovu cha ndani, upite juu ya mpira hadi kitovu cha nje, kisha uikimbize boti. Mstari ukikatika na vipande vyake kuachana, bushi imekwisha, na hesabu zote za hapo juu zilikuwa za bure.

Chuma cha pua hupinda kidogo na hutoa mwendo zaidi, lakini kikigonga mwamba hupeleka kishindo hadi kwenye gia. Kwa mtu anayepita juu ya matumbawe maji yakikupwa, aluminiamu ndiyo busara, kwani panga lake huvunjika kwanza na bei yake ni nafuu. Mapanga manne hushika maji vizuri zaidi penye mawimbi na mzigo, ingawa mwendo wa juu hupungua kidogo.

Wakati wa kufunga, zima mashine na uchomoe waya za plagi, paka grisi kwenye shafti, ondoa uzi wa nyavu uliojiviringisha nyuma ya propela, maana hukata sili na kuingiza maji kwenye oili ya gia, kisha uweke pini mpya.