Mtafiti, weka kazi yako mtandaoni bila kuwaonyesha watu njia ya msituni

Juzi tulikaa barazani Ngamiani, Tanga, na mdogo wangu wa kazini. Simu yake imejaa picha za Saintpaulia, yale maua ya zambarau ya Usambara Mashariki, na hajui aanzie wapi kuiweka kazi yake mtandaoni. Nilimwelekeza hivi.

1. Fungua namba ya ORCID, yaani namba ya utambulisho wa mtafiti. Ni bure, ina tarakimu 16, nayo inakutenganisha na wote mnaofanana majina.

2. Anza na makundi ya WhatsApp, kwa Kiswahili. X na LinkedIn zitakukutanisha na watafiti wa mbali, lakini wanaoishi jirani na msitu hutawakuta huko.

3. Safisha picha. Hapa usiwe na haraka. Kamera ikiruhusiwa kusoma mahali ulipo, kila picha inabeba latitudo na longitudo za pale uliposimama. Ukituma WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo huondolewa. Ukituma kama dokumenti, zinakwenda zote. Mimi nilituma kama dokumenti ili picha zisififie, kwenye kundi kubwa. Nilikesha nikifuta na kumpigia simu mmoja mmoja aliyekwishapakua. Baadhi ya maua haya yapo sehemu chache sana, kwenye miamba yenye kivuli. Mng'oaji mmoja akipajua, anamaliza yote kwa asubuhi moja.

Kwa hiyo zima "mahali" (location) kwenye mipangilio ya kamera kabla hujapanda mlima, na vipimo vyako vya mahali andika kwenye daftari. Picha za zamani zipige skrini, utume hiyo nakala. Zile za asili zitunze, utazihitaji. Kisha itazame picha yenyewe: kuna kibao cha njia? Daraja? Na usiandike "juu kidogo ya maporomoko." iNaturalist, mtandao wa kuweka picha za mimea na wanyama, huficha mahali halisi pa spishi zilizo hatarini, ila maneno yako mwenyewe haiwezi kuyaficha.

4. Andika. Achana na "matokeo ya awali yanaonyesha." Mdogo wangu alianza hivi: "Ua hili mnaloliona kwenye vyungu vya Ulaya, kwao ni hapa kwetu. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892." Kundi likaamka.

5. Weka kiungo cha DOI, ile namba ya kudumu ya makala yako, si PDF ya jarida. Haki ya kuisambaza huenda si yako. Halafu jibu watu. Mzee mmoja aliuliza kama ndilo lile linaloota nyuma ya kwao. Kijana akaandika: "Shikamoo mzee wangu, naomba nikupigie." Wakaongea pembeni.