Una kwenu Moshi, unaishi mbali na unaandika mashairi? Anza dokumentari yako hivi

Hii nakuandikia wewe ambaye kwenu ni Marangu au Machame au Rombo ila maisha yako yako Dar, au nje kabisa ya nchi, unaandika mashairi kwenye simu usiku na kila Desemba ukipanda basi la kwenda nyumbani unajisemea mwaka huu lazima nimrekodi bibi, halafu sikukuu inaisha unarudi hujarekodi kitu. Nimeishi hivyo miaka mingi sana.

Walioniamsha ni Wabengali. Tareque Masud, mtengeneza filamu wa Bangladesh, alikuwa anaishi New York na mke wake Catherine, wakampata Mmarekani mmoja anaitwa Lear Levin, huyu mwaka 1971 wakati wa vita ya uhuru alizunguka na kundi la waimbaji waliokuwa wanawaimbia wakimbizi na wapiganaji, alikuwa na masaa kama 20 ya picha zimekaa tu zaidi ya miaka 15. Wakazichukua, wakakaa nazo, 1995 ikatoka Muktir Gaan, yaani Wimbo wa Uhuru, na wakarudi nayo kwao wakazunguka na projekta kuwaonyesha watu vijijini. Ebu fikiria, filamu ya nyumbani ilikuwa imelala New York. Na kuna Buddhadeb Dasgupta wa Kolkata, mshairi na mwalimu wa uchumi chuoni, dokumentari yake ya kwanza mwaka 1968 ilikuwa ya dakika 10. Kwahiyo na wewe lenga dakika 10, usijibebeshe saa nzima.

Kabla hujawasha kamera anza na stoo. Ulizia kwa shangazi na baba wadogo kanda za VHS za harusi, za kipaimara, za msiba, maana nyingi zinaota ukungu kwenye maboksi juu ya dari na ndani yake kuna watu ambao hawapo tena wanaongea na kucheka. Tafuta studio mjini wanaohamisha kanda kwenda kwenye flashi, na wakimaliza weka kopi mbili sehemu mbili tofauti, moja isikae Moshi.

Sasa sauti, na hapa naomba unisikilize vizuri. Bibi yangu nilimrekodi mara moja tu, amekaa kwenye kigoda kihambani, shamba la migomba la nyumbani, anamenya ndizi, ananieleza walivyokuwa wanagawana zamu za maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, nani anafungua alfajiri, nani anafunga jioni, na mfongo wenyewe unapita hatua chache nyuma yake. Picha ni nzuri mno, vidole vyake vyeusi kwa utomvu. Ila simu niliishika mbali, kwahiyo maji yamemeza maneno, na kuna sehemu anataja jina la mtu aliyechimba ule mfongo nimerudia kusikiliza sijui mara ngapi na sijalipata. Bibi ameshaondoka. Nunua maiki ya kubana kwenye kanga, za bei nafuu zipo, vaa hedfoni usikilize dakika moja kabla hujaanza, na maji yarekodi peke yake baadaye. Upepo kwenye migomba nao urekodi, ukifumba macho unadhani mvua imeanza.

Picha ni rahisi zaidi. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, 1/50 ya sekunde kwasababu umeme wetu ni wa hezi 50, ukiiacha kwenye fremu 30 taa za tyubu zinaweza kucheza cheza. Kila shoti hesabu mpaka kumi bila kutingisha mkono. Mlima unafunguka asubuhi mapema, saa nne mara nyingi mawingu yameshaufunika, kwahiyo usilale.

Halafu heshima. Usifike na kamera mkononi, fika na shikamoo, kaa, kunywa ulichopewa, omba ruhusa, na bibi akiongea Kichaga mwache aongee, tafsiri utaweka chini ya picha, ila mpe wa kulekule aitafsiri maana Kirombo na Kimachame si kitu kimoja. Mwenyekiti wa kijiji mpe taarifa, na ukitaka kuionyesha hadharani peleka Bodi ya Filamu waipitie kwanza.

Kwenye kuhariri ndio ushairi unakusaidia. Wewe umezoea mizani 8 kwa 8, silabi nane kila kipande cha mstari, neno likizidi unalitoa hata kama unalipenda, basi fanya hivyohivyo na shoti. Chagua kibwagizo, picha moja inayorudi, mimi nilichukua mkono unaofungua mfongo, unarudi mara nne na kila ukirudi mtazamaji anajua zaidi. Shairi lako lisome juu ya picha lakini lisiseme kinachoonekana tayari, kama mgomba upo kwenye skrini sema habari ya aliyeupanda. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, ina toleo la bure, linatosha kabisa ila linataka kompyuta yenye nguvu.

Ikiisha usikimbilie kuirusha mtandaoni. Subiri Desemba, funga shuka jeupe ukutani kwa bibi, azima projekta ya kanisani, ita majirani. Mimi nilifanya hivyo, na ilipofika sehemu ile ambayo maji yamemeza jina, mzee mmoja wa jirani akalisema kwa sauti. Nililiandika palepale kwenye simu, na sasa lipo kwenye maandishi ya mwisho wa filamu.