Kusafisha na Kuhifadhi Vazi la Urithi Nyumbani

Mengi ya mavazi ya urithi ninayoletewa yakiwa yamechanika yalichanikia kwenye besheni. Yalikaa sandukuni miaka mingi bila tatizo, kisha yakafuliwa na mtu aliyeyapenda lakini hakuyachunguza kwanza. Kwa sababu hiyo nitakaa sana kwenye uchunguzi kabla ya kugusa maji.

Hatua ya 1: Chunguza

Nawa mikono, ikaushe, usipake losheni. Vua pete na bangili. Tandaza shuka jeupe mezani, ulilaze vazi juu yake mahali penye mwanga wa kutosha lakini pasipopigwa na jua. Anza kulitazama kwa ndani: makwapa, ukosi, mishono, pindo na bitana. Huko ndiko udhaifu hujificha.

Sasa tambua kitambaa. Chomoa kipande kidogo cha uzi kutoka ndani ya mshono, kishike kwa kibano juu ya sahani, kiwashe. Pamba na kitani hutoa harufu ya karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Hariri na sufu hutoa harufu ya nywele zilizoungua, na masalia yake meusi husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka ikaacha punje ngumu. Kitambaa kikiwa na mng'ao wa hariri lakini uzi wake ukanuka karatasi, yaelekea ni rayoni, yaani nyuzi zinazotengenezwa kiwandani kutokana na mimea, nayo inahitaji uangalifu mkubwa. Pamba ikilowa huongezeka uimara. Hariri na sufu hudhoofika, na rayoni hudhoofika zaidi ya zote.

Kuna mavazi ambayo hayafuliwi nyumbani kabisa. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, viwanda vilikuwa vikitia hariri chumvi za madini, hasa za bati, ili iwe nzito. Hariri ya namna hiyo hupasuka yenyewe kwenye mikunjo, na hakuna dawa ya kuirudisha. Ukiona nyufa ndefu zilizonyooka, usiiloweshe. Visahani vidogo vya urembo vinavyometameta, vilivyoshonewa kwenye magauni ya miaka ya 1930, mara nyingi ni vya jelatini, na huyeyuka majini. Nyuzi za zari zina madini, kwa hiyo nazo ziache kavu.

Mwisho, jaribu rangi. Lowesha kijiti chenye pamba kwa maji, kigandamize mahali pasipoonekana, kisha rudia kwa maji yenye sabuni. Fanya hivyo kwa kila rangi, pamoja na nyuzi za tarizi na bitana. Pamba ikichukua rangi hata kidogo, acha. Mimi huamua kutofua mara nyingi kuliko ninavyofua, na sijutii.

Hatua ya 2: Toa vumbi

Chembe za vumbi zina ncha kali zinazokata nyuzi. Weka kipande cha neti juu ya kitambaa, pitisha mashine ya kufyonza vumbi kwa nguvu ya chini kabisa, bila kusugua. Harufu ya sanduku huondoka kwa hewa: lilaze vazi kivulini, penye upepo mwanana. Kwa mavazi mengi kazi ya kusafisha inaishia hapa.

Hatua ya 3: Fua, ikiwa linastahimili

Hapa nazungumzia hasa pamba na kitani vyeupe vilivyo imara. Lilaze vazi juu ya neti kubwa, ulishushe nalo kwenye maji vuguvugu yenye sabuni ya maji kidogo, isiyo kali wala yenye manukato. Kwa sufu na hariri tumia sabuni iliyotengenezwa kwa ajili yake tu. Poda za kawaida zina alikali, na nyingine vimeng'enya, vinavyokula protini ya nyuzi hizo.

Gandamiza kwa viganja, usifikiche. Maji yatageuka rangi ya chai: ni asidi na uchafu uliotokana na uzee wa kitambaa, na kuutoa kunarefusha maisha yake. Mwaga, weka mengine, rudia. Suuza hadi povu liishe kabisa, na mara ya mwisho tumia maji yaliyosafishwa kwa mvuke, yasiyo na madini. Linyanyue kwa neti. Ukilishika mabegani, uzito wa maji utalipasua.

Madoa ya manjano yakibaki kwenye pamba nyeupe, unga wa kung'arisha unaotumia oksijeni husaidia. Klorini hapana: huyeyusha hariri na sufu, na hudhoofisha pamba. Doa la kutu usilitie king'arishi chochote, kwani chuma huchochea kemikali hizo hadi zitoboe kitambaa. Doa sugu liache lilivyo. Shimo ni baya zaidi.

Kausha kivulini, juu ya taulo jeupe, ukilinyoosha kwa vidole. Usipige pasi juu ya doa, kwa sababu joto huligandisha. Wanga pia usitie, maana huvuta wadudu.

Hatua ya 4: Hifadhi

Sanduku la mbao au la kadibodi ya kawaida hutoa asidi, basi tandika ndani yake karatasi isiyo na asidi, au bafta nyeupe iliyofuliwa mara kadhaa. Jaza kila mkunjo kwa karatasi hiyo ili usivunjike. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu. Nguo za kufuma na zenye shanga zilazwe, hanga litazivuta. Chagua chumba kikavu kiasi, penye unyevu wa karibu asilimia 50, maana ukizidi 65 ukungu huota.

Ukishuku nondo kwenye sufu, funga vazi ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uweke kwenye friza yenye nyuzijoto -18 za Selsiasi au chini ya hapo kwa wiki mbili. Likitoka, usifungue mfuko kabla ya saa 24, vinginevyo unyevu wa hewa utageuka matone ya maji juu ya kitambaa. Naftalini situmii, mvuke wake ni sumu.

Kila mwaka lifungue, ulikague, ulikunje kwa mistari mingine. Weka pamoja nalo karatasi iliyoandikwa kwa penseli: nani alilivaa, lini, na ulilisafisha kwa kutumia nini.