Rigi ikizimwa bado inaeza kukuumiza: venye ya kuifanyia servisi salama

Vijana wengi wa huku Nakuru wakimaliza kozi ya umakanika wanatafuta kazi kwa rigi, yaani mitambo ya kuchimba visima, wengine zile za mvuke Menengai na Olkaria, wengine macho iko Lokichar kule Turkana tangu mafuta yapatikane 2012. Mashine za kuchimba ni karibu zilezile, mad pampu (ya kusukuma matope ya kuchimbia), jenereta, winchi, kreni na hosi za presha kila mahali. Sasa saa ya servisi ndio unakaribia hizo mashine kabisa, kava imetolewa na mkono uko ndani, kwa hivyo hapo nawaomba mtulie.

Kuzima peke yake haitoshi. Umekata stima sawa, lakini presha bado iko kwa paipu, kuna uzito umening'inia huko juu, springi imekazwa na oili ni moto. Chukua pamit (kibali cha kazi) kwanza, ambia drila, mwenye kuendesha rigi, na fundi wa stima ni mashine gani unashika, alafu ufunge swichi kuu na kofuli yako mwenyewe, ufunguo ukae mfukoni mwako si kwa droo ya supavaisa, na uweke kibandiko chenye jina lako. Mkiwa watu wanne ziwe kofuli nne. Ukishafunga, hakikisha hakuna mtu karibu na mashine, bonyeza ile swichi ya kuwasha uone kama kweli imekataa, juu kuna siku watu wamefunga jenereta namba mbili na kazi iko kwa namba tatu.

Presha ndio naiogopa kuliko vitu vyote. Zile chupa za haidroliki za kufunga kisima, mitungi ya chuma inayoweka oili ya presha, huwa zinawekwa mpaka psi 3,000 (psi ni kipimo cha presha) na ndani kuna gesi ya naitrojeni, hata pampu ikizimwa hio nguvu haiendi mahali. Fungua vali ya kutoa presha polepole ukiwa umesimama kando, usisimame mbele ya mdomo wake, na usiamini geji moja ikisoma sifuri, matope yanaeza kuziba kale kashimo kake na nyuma bado kuna presha kamili. Ukitafuta mahali hosi inavuja tumia kipande cha kadibodi, usipapase na mkono hata ukiwa na glavu. Oili ikitoka kwa tundu dogo na presha hio inapenya ngozi, kidonda kinaonekana kama umedungwa na sindano na hakiumi sana mwanzoni, mtu anafunga plasta anarudi kazini na kumbe mkono unaoza ndani. Huyo apelekwe hospitali yenye daktari wa upasuaji saa hiohio, na aambie daktari ni oili ya presha.

Kitu kingine ni zile nati kubwa za kugongwa na nyundo kwa laini za presha. Namba yake inaonyesha kiwango cha presha, na ya inchi 2 yenye namba 1502 inaeza kuingiana na ya 602 ya presha ndogo, inashika vizuri, hata presha inapanda bila kuvuja, alafu inaruka ghafla na kuua mtu. Soma namba kwa chuma kila mara, na kama imefutika usiifunge.

Ukiinua kitu na jeki weka stendi kabla uingie chini. Pete na saa acha kwa loka, na mahali kuna shafti inazunguka toa glavu, inaeza kukuvuta mkono wote. Kwa visima vya mvuke beba kipima gesi, juu haidrojeni salfaidi inanuka kama yai bovu mwanzoni, ikizidi pua haisikii tena na mtu anadhani imeisha.

Ukiona hatari kubwa, mwambie supavaisa, na sheria ya usalama kazini ya 2007 inasema hawaezi kukulazimisha urudi hapo kabla warekebishe.

Kama shifti imebadilika kazi ikiwa bado, anayeingia aweke kofuli yake kwanza ndio anayetoka atoe yake. Kazi ikiisha hesabu spana zote, rudisha kava, kila mtu atoe kofuli yake mwenyewe, mpige honi, alafu muwashe.